Kumbukumbu ya mradi wangu, wiki ya tisa: msuguano wa nyuzi

Hadi wiki iliyopita, modeli yangu ya kompyuta ya kitambaa cha Kevlar (nyuzi imara zinazotumika kwenye fulana za kuzuia risasi) kinapopigwa na gololi ilikuwa na kasoro moja kubwa: nyuzi za mtande (za urefu) na za mshindio (za upana) zilikuwa zimefungwa kabisa kwenye kila makutano, kana kwamba zimetiwa gundi.

Jumamosi nilinunua kikoi Biashara Street, nikakaza kipande chake kwenye fremu ya kutarizi, kisha nikauvuta polepole uzi mmoja wa mshindio kwa koleo ndogo huku nikiutazama kwa lenzi. Uzi haukuteleza mara moja. Ulinyooka kwanza, kwa sababu ndani ya kitambaa kila uzi hupinda ukipita juu na chini ya wenzake. Mapindo yalipokwisha ndipo ukaanza kusogea, ukikwama na kuachiwa makutano baada ya makutano. Pamba si Kevlar, lakini mpangilio huo wa matukio ndio niliokuwa nimeukosa.

Niliporudi kwenye programu niliondoa gundi na kuweka msuguano. Kigezo cha msuguano kilipokuwa sifuri, gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 8 ilizitenga nyuzi na kupita katikati yake, karibu bila kukata hata moja. Nilipokipandisha hadi 0.2, nyuzi zilibaki mahali pake, kitambaa kikatuna kwa umbo la piramidi, na nyuzi zilizo mbali na gololi zikaanza kubeba mzigo. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba msuguano wenyewe ulimeza sehemu ndogo tu ya nishati. Kazi yake kubwa ni kuzizuia nyuzi zisikimbie, ili zinyooshwe na kusukumwa mbele, na hapo ndipo gololi hupoteza kasi.

Siku tatu zilipotea kwa kosa la hatua ya muda, yaani muda ambao programu huruka kati ya hesabu moja na inayofuata; hatua hiyo haipaswi kuzidi muda wa wimbi kuvuka kipande kimoja cha modeli. Wimbi la mvutano hukimbia ndani ya uzi huu kwa takriban mita 7,000 kwa sekunde, na vipande vya modeli yangu vina urefu wa milimita 0.1, kwa hiyo wimbi huvuka kipande kimoja kwa nanosekunde 14 hivi. Mimi nilikuwa nimeweka hatua ya nanosekunde 20, na nishati ikawa inaongezeka bila chanzo chochote. Sasa natumia 10.

Umeme hukatika huku Kasarani, kwa hiyo programu huhifadhi hali yake kila baada ya hatua 500. Usiku huu inaendesha jaribio la kitambaa kilichobanwa pande mbili badala ya nne.