Mpima nafaka wa Ostia

Treni kutoka kituo cha Porta San Paolo, Roma, ilitufikisha Ostia Antica kabla ya nusu saa kwisha. Nilikuwa na shemeji yangu anayeishi huko, tukaungana na kikundi kilichoongozwa na mama mmoja wa makamo, mwanaakiolojia.

Ostia ilikuwa bandari ya Roma, penye mlango wa mto Tiber. Tope la mto limeisukuma bahari mbali, kwa hiyo unatembea bandarini bila kuona maji. Tulipita kwenye ofisi za wenye meli, ambako sakafu zina mozaiki, yaani picha za vijiwe vidogo, za meli, pomboo, na tembo wa wafanyabiashara wa Sabratha, Libya. Nilipiga picha, tukasonga.

Kilichonisimamisha ni ukumbi wa chama cha wapima nafaka. Mozaiki yake ni ya karne ya 3. Mpagazi anakuja na gunia begani, kijana ameshika kamba yenye vijiti vya kuhesabia, na mpimaji yuko kwenye kipimo na ufito wa kusawazishia nafaka juu.

Mama yule alieleza kwamba kipimo cha Kirumi, modius, kilibeba kama lita 8.7, yaani hakifiki nusu ya debe letu. Ngano ilitoka Misri na Afrika Kaskazini, na enzi za Kaisari Augustus watu wapatao 200,000 mjini Roma walipewa ya bure.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa mahindi, Iringa. Nimekua naona lumbesa: gunia linajazwa, linaongezewa tena juu, linashonwa likiwa limevimba, na bei inabaki ya gunia moja. Baba aliona yote, lakini lori lilikuwa limeshafika na ada ya shule ilikuwa inadaiwa.

Nikamuuliza mama yule: mkulima mwenyewe yuko wapi kwenye mchoro ule? Akasema hayupo, yuko ng'ambo ya bahari, na sehemu kubwa ya ngano hiyo ilikuwa kodi. Basi ufito haukuwekwa kwa ajili yake. Hata hivyo niliupenda. Nafaka imekatwa sawa na ukingo wa kipimo, watu wanatazama, na kijana anahesabu. Baba aliwaomba walanguzi hicho tu miaka yote, na hawakumpa.

Wengine kikundini walikuwa wameshatangulia. Shemeji aliniita mara mbili, nami bado nilikuwa namuuliza mama yule habari za magunia.