Kichanga Analia Studio: Anza na Tumbo, Kamera Baadaye

Kichanga hajui picha ni nini. Anajua njaa, baridi, gesi, nepi iliyolowa na ile hofu ya kuhisi anaanguka. Akilia mbele ya kamera, sababu kwa kawaida ni mojawapo ya hizo, na mpiga picha anayerukia kumtikisatikisa kabla ya kuitafuta anajiongezea kazi.

Kazi huanza kabla familia haijafika, kwa kupasha chumba. Mtoto atakayevuliwa nguo anahitaji chumba cha nyuzi 26 hadi 28 za Selsiasi. Pima joto pale pale atakapolala, kwa kuwa kipimajoto cha ukutani kinaweza kusoma tofauti kabisa na hali ilivyo juu ya mto. Hita ikae mbali naye kwa zaidi ya mita moja na isimpulizie moja kwa moja. Ukitumia chupa ya maji ya moto kupasha shuka, iondoe kabla hajalazwa, kisha gusa shuka kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Usipime joto la mtoto kwa viganja au nyayo, maana siku za mwanzo huwa vya baridi na hata rangi ya samawati bila tatizo lolote. Gusa kifua na kisogo. Kisogo chenye unyevu ni dalili kwamba joto limezidi. Wewe utatokwa na jasho kidogo, na hilo ni sawa, yeye asitoke.

Kunyonya nako kuna mpangilio. Mama wengi humnyonyesha mtoto nyumbani ili “afike ameshiba”, halafu safari, salamu na maandalizi vinameza saa nzima, na njaa inarudi wakati taa ndiyo kwanza zinawashwa. Anyonye hapo studio. Lakini mvueni nguo kwanza, abaki na nepi iliyolegezwa, mumfunike blanketi jepesi, ndipo apewe ziwa au chupa. Hatua hii ndogo inaokoa mambo mawili: alama za lastiki kiunoni zinapata muda wa kufifia, na hakuna atakayelazimika kumvua fulana kupitia kichwani baada ya kusinzia. (Waombe wazazi mapema wamvalishe nguo ya vifungo mbele.) Msimharakishe. Dakika 30 au 40 za kunyonya ni za kawaida, na mtoto aliyeachishwa ziwa akiwa nusu tumbo ataamka baada ya picha tatu.

Kisha gesi, ambayo husahaulika mno kwa sababu mtoto huonekana amelala. Anayesumbuliwa na gesi hukunja magoti kuelekea tumboni, uso humwiva, hulia kwa vipindi na kujipinda mgongo. Mshike wima begani dakika 5 hadi 10, au mkalishe mapajani mwako ukishikilia taya na kifua, umpapase mgongo kuelekea juu hadi abeue. Asipobeua, mlaze chali umzungushe miguu polepole kana kwamba anaendesha baiskeli. Ukimlaza kifudifudi na tumbo limebanwa kabla ya hapo, maziwa yatatoka juu au choo kitatoka chini. Weka kitambaa kisichopitisha maji chini ya shuka hata hivyo, maana choo kitatoka tu siku fulani.

Ameshiba, amebeua, ni mkavu, bado analia? Sasa ndipo mbinu za kubembeleza zinapoingia. Mfunge kwa kitambaa laini, mikono ikiwa kifuani na nyonga zikiwa huru kukunjuka na kupanuka kama za chura. Kuikaza miguu ikiwa imenyooshwa kunaweza kudhuru viungo vya nyonga. Mlaze kwa ubavu mikononi mwako, au mshike kifuani. Toa “shiii” karibu na sikio lake kwa nguvu inayofika kilio chake, kisha uipunguze kadiri anavyopungua. Yumba naye sentimita chache tu, kichwa kikiwa kimeshikwa. Kumtikisa kwa nguvu ni marufuku, kunaweza kujeruhi ubongo. Kama wazazi wanatumia nyonyo bandia, mpe. Kama hawatumii, uamuzi si wako.

Chagua njia moja ukae nayo dakika 5 kamili. Watu wengi hushindwa hapa: sekunde 10 begani, sekunde 10 kwenye mto, nyonyo, wimbo, mikono ya shangazi, kurudi kwa mama. Kila badiliko ni jambo jipya kwa mtoto ambaye tayari vitu vipya vimemzidi. Sauti ya mfululizo kutoka kwenye simu au kifaa inasaidia, mradi kiwe mita 2 kutoka kichwani mwake, na nyinyi muweze kuzungumza bila kupaza sauti.

Akifumba macho, usimguse bado. Mtu mzima huanza na usingizi mzito. Kichanga huanza na mwepesi. Kope zinachezacheza, pumzi inaenda kasi kisha inatulia, midomo inatabasamu. Subiri dakika 15 hadi 20. Inua mkono wake kidogo uuachie: ukianguka kama uzi, yuko tayari kupangwa, akiurudisha, ongeza subira. Kama unachotaka ni tabasamu lenyewe, basi uwe na kamera mkononi katika kipindi hicho chepesi, kwa kuwa usingizi ukizama, uso hutulia na tabasamu huondoka.

Wakati wa kumlaza, shusha makalio kwanza, halafu mgongo, kichwa mwisho. Kichwa kikishuka ghafla kwa nyuma, mikono hufunguka na mtoto hushtuka. Madaktari huliita tendo hilo refleksi ya Moro. Baada ya kumlaza, bakisha kiganja kimoja kichwani na kingine kifuani kwa dakika nzima, ndipo uondoe kimoja kimoja. Pasha mikono yako kwanza. Rekebisha kidole, kiwiko na kitambaa kwa mwendo mmoja wa polepole. Miguso mingi midogo humwamsha kuliko mguso mmoja uliotulia.

Mtu mzima awe umbali wa mkono kutoka kwa mtoto wakati wote, jicho kwake na si kwenye simu. Kidevu kisizame kifuani, maana njia ya hewa ya kichanga hubanwa kirahisi. Ule mkao wa kidevu juu ya viganja hutengenezwa kwa kuunganisha picha mbili, katika moja msaidizi akishika kichwa na katika nyingine akishika vifundo vya mikono. Asiyejua kuziunganisha auache.

Mama naye ana nafasi yake ya kukaa. Harufu ya maziwa humfanya mtoto aliyeshiba aanze tena kutafuta ziwa, kwa hiyo ikitokea hivyo baba au bibi ambembeleze, mama apumzike upande wa pili wa chumba akiwa na maji ya kunywa. Lakini mtoto akinyonya kiganja na kugeuza kichwa kila upande baada ya muda, mrudishe kwa mama bila ubishi. Siku nyingine vichanga hunyonya kila baada ya muda mfupi, na ratiba yako haiwahusu.

Umri hubadilisha mpango. Kati ya siku 5 na 14 wengi bado hulala sana na kujikunja. Kuelekea wiki ya 6 kilio huongezeka, hasa jioni, hivyo waliokwisha kukua kidogo wapangie asubuhi, uwapige picha wakiwa macho na wamefungwa kitambaa.

Tenga muda wa saa 3 kwa kazi nzima. Majaribio matatu ya kumlaza yakishindikana, mwache mikononi mwa mzazi na upige picha hapo hapo. Mtoto mwenye joto la mwili la nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi, anayekataa kunyonya, au aliyelegea na haamki vizuri, funga mkoba wa kamera na apelekwe kwa daktari mara moja.