Ruta Iliyoachwa na Mtengenezaji Wake

Ruta yetu ya nyumbani, kifaa kinachogawa intaneti kwa simu na kompyuta zetu, ilikaa juu ya kabati kwa miaka sita bila kuguswa, hadi siku nilipoingia kwenye ukurasa wa mtengenezaji kutafuta masasisho na kukuta kwamba la mwisho lilitolewa zaidi ya miaka mitatu iliyopita. Kifaa chenyewe kilikuwa kizima, antena na matundu yake yote ya kebo yakifanya kazi. Kilichotelekezwa ni programu inayokiendesha, maana hapakuwa tena na mtu wa kuziba mianya ya usalama iliyokuwa ikigunduliwa. Kukitupa kwa sababu hiyo peke yake kuliniuma.

Niligeuza ruta, nikasoma namba ya modeli na ya toleo iliyochapwa chini yake kwa maandishi madogo (toleo lina uzito, kwa kuwa ruta mbili za jina moja huweza kuwa na chipu tofauti kabisa), kisha nikaitafuta katika orodha ya vifaa vinavyokubali OpenWrt. Ilikuwamo. OpenWrt ni mfumo huria unaotumia Linux (kiini cha mfumo wa kompyuta kilicho wazi kwa wote) na unaosakinishwa kwenye ruta badala ya programu ya mtengenezaji, na wenyewe ulizaliwa kutokana na ruta: watu waligundua kwamba Linksys WRT54G ilikuwa na Linux ndani yake, na kwa kuwa leseni ya Linux, iitwayo GPL, humtaka anayesambaza programu ya namna hiyo atoe pia msimbo chanzo wake, yaani maandishi ambayo programu hutengenezwa kwayo, msimbo huo ukatolewa mwaka 2003. Mwaka uliofuata mradi ukaanza. Nalishukuru sana sharti hilo la leseni kila ninapoitazama ruta yetu.

Nilihakiki faili ya OpenWrt niliyopakua kwa SHA-256, alama inayoonyesha kama faili imefika bila kubadilika, nikaunganisha kompyuta kwa kebo, nikaanza kusakinisha. Taa ilipepesa haraka haraka, ikazima, ikawaka tena, lakini Wi-Fi haikuonekana popote. Kwa dakika kumi niliamini kwamba nimekiua kifaa. Niliposoma maelekezo upya nikaelewa: katika ruta nyingi OpenWrt huanza Wi-Fi ikiwa imezimwa, kwa kuwa mtumiaji bado hajaweka nywila. Nikafungua 192.168.1.1, anwani ya ukurasa wa mipangilio ya ruta, kupitia kebo, nikaweka nywila ya msimamizi, nikawasha Wi-Fi, na simu zote zikarudi hewani.

Faida kubwa, hata hivyo, sikuitarajia. Kwa muda mrefu, mmoja wetu alipokuwa akipandisha picha nyingi mtandaoni, mazungumzo ya simu ya mwenzake kupitia intaneti yalikuwa yakikatikakatika, nasi tukadhani kasi ya laini ndiyo ndogo. Kumbe tatizo lilikuwa foleni. Ruta na modemu huwa na hifadhi ya muda ambamo data husubiri zamu ya kutoka. Hifadhi hiyo ikiwa kubwa mno na ikajazwa na picha, kipande kidogo cha sauti hulazimika kusubiri nyuma ya mlolongo mzima, na kinapofika upande wa pili maneno yamekwisha kupitwa na wakati. Katika OpenWrt niliongeza kifurushi cha SQM, cha kusimamia foleni hizo, nikachagua CAKE, mbinu ya kupanga foleni iliyoingia rasmi katika Linux 4.19 mwaka 2018, ambayo hugawa nafasi kwa haki baina ya wanaotumia laini na kuzuia foleni isirefuke. Nikaweka kikomo cha kasi kwenye asilimia 90 ya kile nilichopima, ili foleni ijengeke ndani ya ruta yangu, mahali ninapoweza kuisimamia. Hapo awali, picha zikipanda, muda wa data kwenda na kurudi ulifika milisekunde 600. Sasa hauvuki 40. Kasi ya laini ni ile ile, na simu haikatiki.

CAKE huitwika prosesa mzigo, na prosesa yetu si ya leo. Kwa laini tuliyo nayo inatosha, lakini tukihamia laini yenye kasi kubwa haitamudu kupanga foleni yote. Ikifika siku hiyo nitanunua ruta nyingine, baada ya kuitafuta kwanza katika orodha ile ile, na hii ya zamani nitaihamishia chumba cha nyuma, ambako Wi-Fi hufika kwa shida, ikatumike kusambaza mawimbi.