Ngome za pwani: nendeni wanne, na mmoja asimame chini ya ukuta

Anayezuru ngome ya zamani ya pwani peke yake huishia kuona ukuta, mizinga na bahari. Mkiwa wanne, mnaweza kuijaribu. Mmoja ashuke hadi chini ya ukuta na kujibanza kwenye mawe. Wengine wapande juu: mmoja asimame usawa wake, wawili waende kwenye pembe za kushoto na kulia. Aliye juu yake hatamwona, kwa sababu unene wa ukuta unamkinga yule wa chini. Basi ngome inategemea wale wa pembeni. Je, wanamwona?

Kwenye mnara wa mviringo, mara nyingi hawamwoni. Mbele ya duara hubaki kipande cha ardhi ambacho risasi za ubavuni hazikifikii, na adui akishafika hapo anaweza kuchimba ukuta bila wasiwasi. Ngome ya Deal, Uingereza, iliyojengwa mwaka 1539 na 1540 kwa amri ya Mfalme Henry wa Nane, ina buruji, yaani sehemu za ukuta zilizotokeza nje, za mviringo pande zote. Wajenzi wake walilijua tatizo hilo, wakapitisha ujia mwembamba chini kabisa, usawa wa handaki, wenye matundu ya bunduki yanayotazama sakafu ya handaki. Ukiupita ujia huo ukiwa umeinama ndipo unaelewa ulikuwa wa kazi gani.

Fort Jesus ya Mombasa, iliyochorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati na kujengwa kati ya 1593 na 1596, ilitumia jibu jingine: buruji zenye pembe kali, kila moja ikilinda uso wa jirani yake. Simama kwenye ubavu wa buruji, tazama sambamba na ukuta, na jicho lako litafuata njia ileile ambayo risasi ingepita. Kwangu mimi, hapo ndipo hesabu inapoonekana kwa macho, na ni pazuri kuliko mandhari yoyote ya bahari.

Baada ya hapo, ipeni bahari mgongo. Wageni wengi hupiga picha upande wa maji na kusahau nchi kavu, wakati ngome nyingi za pwani zilianguka kwa shambulio la nyuma. Tafuteni kilima kilicho karibu. Elmina, nchini Ghana, Wareno waliijenga mwaka 1482, na Waholanzi waliitwaa mwaka 1637 baada ya kupandisha mizinga kwenye kilima kilicho mkabala nayo. Waliposhika mji, wao wenyewe wakajenga ngome ndogo juu ya kilima hicho ili mwingine asiwafanyie vilevile.

Elmina ina vyumba vya chini pia, na humo majaribio yetu yasiingie. Watu waliokamatwa ili kuuzwa utumwani walifungiwa humo, wamesongamana, hewa na mwanga vikipita kwenye matundu madogo. Ingieni taratibu, msikilizeni mwongoza wageni mpaka amalize, na simu zibaki mfukoni.

Kisha kagueni mawe. Ngome ya Castillo de San Marcos, kule Florida, Marekani, imejengwa kwa jiwe la kombe za baharini zilizoshikana, lenye vinyweleo vingi. Ilipozingirwa mwaka 1702, risasi za mizinga zilizama kwenye jiwe hilo badala ya kulipasua. Fort Pulaski, katika jimbo la Georgia hukohuko Marekani, ni ya matofali. Mwaka 1862 mizinga ya aina mpya, yenye mtutu uliochongwa mifuo ya kuizungusha risasi, iliutoboa ukuta wake kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 1, katika muda wa saa 30 hivi. Kamanda alisalimu amri makombora yalipoanza kuelekea kwenye ghala la baruti.

Ghala la baruti mtalijua kwa matundu yake ya hewa. Hayanyooki: huingia ukutani, hukata kona, ndipo hutokea ndani, ili hewa ipite na cheche isipite. Bawaba zilikuwa za shaba, maana chuma kikigongana hutoa cheche, na sakafu ya mbao iliinuliwa ili unyevu usiharibu baruti. Ingizeni mkono tunduni, ila mmulike kwa tochi kwanza, kwani popo na nyigu hupenda kukaa humo. Mwanga wa simu hautoshi. Bebeni tochi 2 halisi kwa watu wanne.

Unga mweupe mnaouona ukutani ni chumvi. Maji ya bahari huingia kwenye jiwe, yakikauka chumvi huganda na kutanuka, na jiwe huchubuka tabaka kwa tabaka. Ukuta uliozibwa kwa saruji huharibika zaidi pembeni mwa kiraka, kwa sababu saruji huzuia unyevu usitoke na kuusukuma kwenye jiwe laini. Mafundi wazuri hutumia chokaa. Penye unga huo msiegemee wala msikanyage kingo.

Sehemu ya msingi iliyo upande wa bahari hufikika maji yakipwa tu, na hapo ndipo watu huumia. Tazameni jedwali la maji siku moja kabla. Shukeni saa 2 kabla ya maji kupwa kabisa, na saa ya kupwa ikifika, geukeni mrudi hata kama hamjamaliza. Pwani nyingi maji hujaa kwa saa 6 hivi, lakini si kwa kasi moja: saa ya kwanza huongezeka kidogo sana, na saa ya tatu na ya nne pekee huleta karibu nusu ya kina chote. Anayepima kwa saa ya kwanza hudanganyika. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa mbali zaidi na kurudi juu zaidi. Kanyageni jiwe kavu au lenye chaza, si lenye ukijani, na mwenye hatua fupi kuliko wote atangulie wakati wa kurudi, ili kundi lisimwache nyuma.