Kupe Anakupata Ukisimama

Mwendesha baiskeli anayepita mbio kwenye njia ya ng'ombe kule Kajiado au Monduli hapati kupe wengi. Anawapata anapoegesha baiskeli kwenye nyasi apumue, anapokaa chini ya mgunga kuziba pancha, au anapoingia kichakani kuchimba dawa. Mpanda farasi naye yuko salama zaidi juu ya tandiko kuliko pale anaposhuka kufungua geti la shamba. Mfyekaji, mpima ardhi na fundi wa uzio ndio wenye shida kubwa, maana kazi yao yote ni kusimama na kuinama palepale penye nyasi.

Hii inatokana na namna kupe anavyotafuta chakula. Hana mabawa, haruki, wala hadondoki kutoka mtini kama wengi wanavyoamini. Ukimkuta shingoni, ujue amepanda kwa miguu kutoka chini. Yule wa kahawia anayejazana masikioni mwa ng'ombe, anayeleta ndigana kali, hupanda hadi ncha ya jani, akajishika kwa miguu ya nyuma na kunyoosha ile ya mbele hewani. Kwenye miguu hiyo ya mbele ana kiungo kinachonusa pumzi na kuhisi joto la mwili. Chochote kinachopangusa jani, anakidaka. Kupe wa rangi, yule mkubwa ambaye dume lake lina mgongo wa chungwa wenye michoro myeusi, hana subira hiyo. Hukaa chini kwenye majani makavu, na akinusa pumzi anatoka kukufuata. Ndiyo maana kukaa chini kivulini mahali ng'ombe wanapopumzika mchana ni kosa kubwa kuliko kupita kwenye nyasi ndefu. Kivuli hicho ndicho kizuri kuliko vyote, na ng'ombe wamekigundua kabla yako.

Wabaya kuliko wote, kwa maoni yangu, ni kupe wachanga waliotoka tu kwenye mayai. Wana miguu sita badala ya minane, na ukubwa wao ni kama chembe ya pilipili manga iliyosagwa. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai mahali pamoja, kwa hiyo wakianguliwa hupanda jani moja kwa mamia. Ukipangusa jani hilo kwa suruali utaona kama mtu amekumwagia vumbi jeusi gotini, halafu vumbi lenyewe linaanza kutawanyika. Usilipanguse kwa mkono, maana utahamishia kundi zima kwenye kiganja. Toa selotepu pana, bandika, ng'oa, kunja gundi kwa ndani, rudia. Kipande cha sentimita 20 kinabeba wengi. Zungushia selotepu kwenye pampu ya baiskeli au chupa ya maji, haina uzito.

Kusini mwa Tanzania, ambako mvua ni msimu mmoja, kupe wa kahawia wakubwa hutoka mvua zikishika, na wachanga hufuata mvua zikielekea kwisha hadi kipindi cha baridi kavu. Karibu na Ikweta, penye vuli na masika, usitegemee kalenda. Wapo karibu mwaka mzima.

Sasa mavazi. Suruali ndefu ya rangi nyepesi, iingizwe ndani ya soksi, na shati liingizwe ndani ya suruali. Ni sura ya mtu wa kuchekwa, lakini kupe hupanda tu: akikuta kitambaa kimefungwa anaendelea kupanda juu ya nguo, ambako utamwona. Suruali ikiwa nje ya soksi, anapita ndani na hutamwona mpaka usiku. Soksi ziwe na ufumaji mzito, kwa sababu kupe wachanga hupenya soksi nyepesi za michezo. Kwa kazi ya kufyeka, gambuti ni bora kuliko kiatu cha kamba, ila suruali iwe ndani ya gambuti, isiachwe inaning'inia nje.

Dawa ya nguo ni permethrin ya 0.5%. Hii ni ya kitambaa, si ya ngozi. Inyunyize nje ya nyumba, nguo ikiwa imetundikwa kwenye kamba, ukishika chupa umbali wa shibiri moja, pande zote mbili, mpaka kitambaa kiwe na unyevu bila kudondosha. Ongeza kwenye soksi, kwenye pindo za suruali na kwenye viatu. Acha ikauke kabisa kivulini, saa mbili hadi nne. Kwa dawa nyingi za kunyunyiza mwenyewe, nguvu hudumu kama wiki sita au mafuo sita. Jua huimaliza, hivyo nguo za kazi zihifadhiwe kwenye mfuko mweusi, zisiachwe kambani siku nzima. Paka wafungiwe mbali mpaka nguo ikauke, kwani permethrin mbichi inaweza kuwaua, na maji yaliyobaki yasimwagwe mtoni wala bwawani kwa sababu ya samaki. Ukinunua ya 10% iliyoandikwa kuwa ni ya nguo au vyandarua, mililita 50 ndani ya mililita 950 za maji zinakupa lita moja ya 0.5%. Ile ya mazao iache dukani. Viyeyushi vyake havikutengenezwa kukaa mwilini.

Msitegemee kuona kupe akianguka papo hapo. Kwanza hukosa utulivu, anatembea kama aliyekanyaga makaa, kisha anaachia. Anahitaji muda wa kugusana na kitambaa, ndiyo maana soksi na suruali zinafaa kuliko kofia.

Kwa ngozi, tumia dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET ya 20% hadi 30% au picaridin ya 20%. Kama unapaka mafuta ya jua, yatangulie, dawa ifuate. Jasho huipunguza, kwa hiyo mpanda baiskeli wa mchana kutwa apake upya kwa kadiri ya maelekezo ya chupa. DEET huyeyusha plastiki: miwani, kioo cha saa, kinga ya uso ya helmeti. Ukishapaka, futa viganja kabla ya kushika hivyo vitu. Pamba na sufu haiziharibu.

Kuna mazoea yanayonikera: kupulizia gambuti na suruali dawa ya josho kwa kuwa "kama inaua kupe wa ng'ombe itaua na wangu". Nyingine ni za jamii ya organofosfeti, zinazopenya ngozi na kudhuru mishipa ya fahamu. Nyingine ni amitraz, ambayo kwa binadamu huleta usingizi mzito na kupunguza mapigo ya moyo. Na wenye farasi, sikilizeni hapa vizuri: amitraz ya ng'ombe haipakwi farasi hata kidogo. Inapunguza mwendo wa utumbo, chakula kinaganda, na farasi anaingia kwenye msokoto wa tumbo unaoweza kumuua. Soma kopo, jina la kiambata huwa limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Farasi akaguliwe kwa mkono kabla ya kutandikwa: ndani ya masikio, chini ya manyoya ya shingo, shina la mkia, kati ya mapaja, na mahali mkanda wa tumbo unapopita. Kupe aliyeachwa chini ya mkanda huleta kidonda, na asiyeshika vizuri anahamia kwako.

Ukirudi, vua nguo nje au bafuni, usiziweke kitandani. Oga ndani ya saa mbili, ukijisugua kwa dodoki. Kisha ukaguzi: nyuma ya magoti, kinena, kitovu, mstari wa mkanda, chini ya matiti, makwapani, nyuma ya masikio, na kwenye nywele kwa kitana. Mgongo uangaliwe na mwenzako. Nguo zikaushwe vizuri halafu zipigwe pasi ya moto, hasa kwenye mishono.

Ukimkuta ameshashika, tumia kibano chenye ncha nyembamba. Mshike karibu kabisa na ngozi, kichwani, si tumboni, kisha vuta juu taratibu kwa nguvu moja, bila kuzungusha wala kushtua. Ngozi itainuka kama kihema kidogo; subiri hapo sekunde kadhaa, ataachia. Kupe wa rangi ana mdomo mrefu, anachelewa zaidi. Kipande cha mdomo kikibaki, kiache, ngozi itakitoa yenyewe, na kuchokoa kwa sindano ndiko kunakoleta usaha. Osha kwa sabuni, paka spiriti. Mafuta ya taa, Vaseline na kijiti cha kiberiti ni vya kuachana navyo: kupe anayeteswa hukawia kuachia na anaweza kutapika mate yake ndani yako. Usimpasue kwa kucha, hasa wa ng'ombe. Homa ya Crimea-Congo, homa ya virusi inayoweza kutoa mtu damu, ambayo Uganda imeiripoti mara kadhaa tangu 2013, hupita pia kwa damu ya kupe aliyepasuliwa.

Andika tarehe. Ule ushauri kwamba una saa 24 kabla ya hatari unahusu ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe wa Marekani na Ulaya. Hapa kwetu homa ya kupe ni ya bakteria wengine, na hao hawangoji kiasi hicho. Dalili huanza baada ya siku tano hadi kumi: kichwa kuuma, shingo na misuli kukaza, mtoki kinenani au kwapani, na mahali palipoumwa kigaga cheusi kilichozungukwa na wekundu. Vigaga viwili au vitatu si ajabu. Wengi hupewa dawa ya malaria kwa kuwa homa zinafanana, na kigaga kimefichwa na soksi. Vua soksi, mwonyeshe daktari, mtajie kupe na tarehe. Antibiotiki ya doxycycline humaliza kazi kwa siku chache, lakini aiandike yeye, kwa sababu mjamzito na mtoto wana hesabu tofauti.

Papasi ni habari nyingine. Hawa hawapandi nyasi; wanaishi kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo, huuma usiku kwa dakika chache na kurudi ufani, na homa yao hupungua kisha ikarudi tena. Mtafiti Joseph Dutton aliyekuwa akiichunguza kule Kongo alikufa nayo mwaka 1905. Selotepu na soksi hazikusaidii hapa. Kama kazi inakulaza kwenye kibanda cha udongo, lala juu ya kitanda kilichotengwa na ukuta, chandarua kikiwa kimechomekwa chini ya godoro, na mablanketi yasiguse sakafu.