Injini Iliyochemsha Huku Ikikojoa Vizuri

Nahodha aliyeileta boti ile alikuwa na hoja moja: mchirizi wa maji ya kupozea unatoka nyuma ya injini, tena kwa nguvu, kwa hiyo tatizo si maji. "Inakojoa vizuri, fundi, njoo uone mwenyewe." Injini ilikuwa tustroki ya nguvu farasi 40, silinda mbili, na impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ndani ya pampu, alikwisha kuibadilisha. Bado ilichemsha. King'ora cha joto kililia kila boti ilipokwenda polepole kwa dakika kumi hivi, kisha kikanyamaza akiongeza mwendo.

Hilo la mwisho ndilo lililonionyesha pa kuanzia. Injini inayochemsha ikiwa kasi tu, mara nyingi hainywi maji ya kutosha: matundu ya kuingizia maji yamezibwa na mwani au mfuko wa plastiki, au pampu imechoka. Inayochemsha kwenye mwendo wa taratibu na kupoa ikikimbia, wa kwanza kushukiwa ni themostati, vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji, iliyogoma kufunguka. Mwendo ukiwa mkubwa, presha ya pampu hufungua vali ya presha na maji yakapata njia ya pembeni. Na ule mchirizi wa nyuma? Kwenye injini ile bomba lake lilichepuka kabla ya maji kufika kwenye themostati. Ulithibitisha kwamba pampu inapandisha maji, basi. Kuhusu maji yanayozunguka silinda haukusema lolote.

Tulivua propela, tukaitumbukiza injini kwenye pipa, maji yakiwa juu ya matundu ya kuingilia, tukaiacha isailensi, yaani ingurume taratibu bila gia. King'ora kilipoanza nilipima kwa kipimajoto cha miale: silinda ya juu nyuzi 98, ya chini 84. Nikazima papo hapo. Tofauti ile ilinishughulisha. Themostati peke yake ikikwama, silinda zote mbili huteseka karibu sawa. Hapa palikuwa na kitu kingine njiani.

Tulisubiri ipoe kabisa. Bolti za kifuniko cha themostati, kichwa milimita 10, zilikuwa zimeganda kwa chumvi. Bolti kama hizo hazifunguliwi kwa nguvu. Nilizipulizia mafuta ya kulegeza kutu, nikaziacha, nikazikaza kidogo mno kwanza ili kuvunja ule mgando, ndipo nikazifungua kwa kwenda na kurudi. Ikikatika moja ndani ya aluminiamu, kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima.

Themostati ilitoka nyeupe kwa magamba ya chumvi. Iliandikwa nyuzi 60, joto la kuanza kufunguka. Niliining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini, maana chini pana joto kuliko maji yenyewe. Maji yalichemka, na vali haikusogea hata unywele.

Nikamwuliza nahodha iliko impela ya zamani. Kwa bahati alikuwa nayo kwenye sanduku la spana. Ilipaswa kuwa na mapanga sita ya mpira. Mawili yalikuwa yamekatika tokea shinani. Kila fundi wa injini za boti anapaswa kuyahesabu mapanga hayo kabla ya kutupa impela, kwa kuwa kipande kilichokatika hakina pa kwenda ila juu, pamoja na maji.

Kipande cha kwanza tulikikuta nyuma ya kifuniko cha silinda hedi, kimejibana kwenye njia ya maji ya silinda ya juu. Cha pili hakikuonekana, kwa hiyo tukashusha gia boksi, sehemu ya chini ya mguu wa injini yenye pampu ya maji, na kupitisha maji ya mpira wa bustani kinyume, kuanzia kwenye tundu la themostati. Kikashuka kwa bomba la maji, pamoja na mchanga na magamba ya chumvi.

Wakati wa kurudisha, gasketi zote zilikuwa mpya na themostati mpya. Nilipaka grisi kwenye meno ya ubavuni ya shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia, si kwenye ncha yake ya juu, kwani grisi ya pale huzuia shafti kukaa hadi mwisho. Nikahakikisha bomba la maji limeingia sawasawa kwenye mpira wa pampu. Likikosea hapo, nusu ya maji humwagika ndani ya mguu, na mwenye boti atalaumu impela mpya isiyo na kosa.

Nilipima pia kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, sababu joto la namna ile huharibu pistoni na ringi: pauni 110 na 105 kwa inchi ya mraba. Tofauti ilikuwa chini ya asilimia 10, injini ilikuwa imenusurika. Baharini, kwa mwendo ule ule wa polepole uliokuwa ukiamsha king'ora, silinda ya juu ilisoma 63 na ya chini 61. Tulirudi, ikapoa, nikapitia tena bolti za silinda hedi kwa spana ya kipimo, inayoonyesha nguvu ya kukaza, kabla ya kufunga kifuniko.