Fungu la baharia

Kutoka stesheni ya treni ya Mystic, Connecticut, hadi makumbusho ya bahari ni mwendo wa maili moja hivi, na dereva wa teksi alinitoza pesa ambayo kwetu Kizimkazi, Unguja, ningekula samaki wiki nzima. Tiketi ya kuingilia nayo ikanikausha mfuko. Lakini nilikuwa nimeifuata meli ya Charles W. Morgan, sikuweza kurudi bila kuipanda.

Meli hiyo iliundwa New Bedford mwaka 1841, ikaenda safari 37 za kuwinda nyangumi hadi 1921. Ndiyo ya mbao pekee ya aina yake iliyobaki duniani. Huko juu nilijiona nyumbani: milingoti, foromali, harufu ya kamba. Nikateremka chumba walichokatia shahamu ya nyangumi. Dari lake ni la kutembea umeinama, nami sikuinama; boriti ikanipiga kipaji cha uso nikaona vimulimuli.

Mzee mmoja anayeelezea wageni akanipandisha, akaniketisha karibu na tanuri la kuyeyushia shahamu. Tanuri la matofali, juu ya sitaha ya mbao! Lina masufuria mawili makubwa ya chuma, na chini yake waliweka maji ili sitaha isiungue. Shahamu ikishatoka mafuta, machicha yake yalitupwa motoni badala ya kuni. Yaani nyangumi alipikwa kwa mwili wake mwenyewe. Kwetu nyangumi hupita Julai hadi Septemba, na watoto hukimbilia pwani kuwatazama. Niliuona moto ule kama unawaka.

Nikamwuliza, "Mabaharia walilipwaje?"

"Kwa mafungu."

Nikafurahi, nikamweleza kwamba kwetu ni hivyo hivyo: chombo kina fungu lake, nyavu fungu lake, na kila mvuvi lake, tunagawana siku ile ile. Mzee akatikisa kichwa. Hapa nahodha alipata fungu moja katika 15 hivi ya mapato. Baharia mgeni wa kazi, moja katika 175, au hata 200. Shati, viatu na tumbaku alikopeshwa melini, kwa bei ya meli, karani akakata deni siku ya hesabu. Safari ya kwanza tu ya Morgan ilichukua miaka mitatu na zaidi. Katika meli hizi walikuwapo walioshuka wakiwa wanadaiwa. Na meli za namna hii zilitia nanga hata Unguja, nikawaza vijana waliotazama mji wetu kutoka sitahani, bila senti.

Usiku wa huko, alfajiri ya kwetu, nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeiona?"

Nikamsomea hesabu yote. Akataka nirudie ile ya 175. Kisha akauliza, "Waligawana pwani, kila mtu anaona?"

"Hapana baba. Ofisini, kwenye daftari."

"Na aliyefia baharini, fungu lake alipewa nani?"

Hilo sikuuliza. Asubuhi nikarudi, kwa miguu safari hii, nikakata tiketi ya pili.